Msitu wa Amani na Wageni Wake



Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Maana yake ni kwamba mgeni afikapo hupikiwa chakula kizuri, na katika chakula hicho hata watoto wa nyumbani hupata kitoweo ambacho siku nyingine hawakipati. Jioni hii twapenda kuyapima maneno hayo kwa habari za msitu mmoja, nao ni Msitu wa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, mkoa wa Tanga. Kwa muda wa miaka zaidi ya mia moja na ishirini msitu huo umefikiwa na wageni wa namna nyingi. Wengine walikuja kulima, wengine kujifunza, wengine kupasua mbao, na siku hizi wengi huja kutazama tu, kisha huenda zao. Juu ya kila mmoja wao tutauliza swali moja: Je, alipokuja, mwenyeji alipona?

Kwanza natuione njia yenyewe. Mtu akitoka mji wa Tanga huenda mpaka Muheza, penye michungwa mingi na mashamba ya mkonge, kisha huacha barabara kuu na kuielekea milima. Huko chini jua ni kali na nguo hulowa jasho. Hufika mahali paitwapo Sigi, karibu na mto wa jina hilo, ambao wengine huuandika Zigi. Tangu hapo njia hupanda kwa mapindi, na kwa kila pindi hewa huzidi kuwa baridi. Amani yenyewe iko juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya mita 900. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hukutana na milima hii, huinuka, hupoa, na kumwaga maji yake. Kwa sababu hiyo mvua haikosekani kwa muda mrefu, na hata katika miezi isiyo ya masika ukungu hukaa juu ya miti asubuhi.

Huu ndio msitu wa mvua. Miti yake, kama mtambara na msambu, huenda juu sana kabla ya kutoa tawi la kwanza, na mingine ina mizizi iliyosimama kama kuta za nyumba, hata mtu aweza kujificha nyuma yake. Mwanga wa jua hufika chini kidogo kidogo. Juu hurukaruka mbega na kima, na hondohondo hupita kwa kishindo cha mabawa. Lakini ajabu kubwa za Amani ni vitu vidogo. Yuko kinyonga ambaye dume lake lina pembe tatu usoni. Yuko chura mdogo ambaye hatagi mayai majini kama vyura wengine, bali huzaa watoto waliokwisha kuwa vyura kamili. Viumbe wengi wa namna hii hawapatikani katika nchi nyingine yo yote.

Sababu yake ni nini? Milima hii ni sehemu ya safu iitwayo Tao la Mashariki, ianzayo katika vilima vya Taita nchini Kenya na kuishia katika milima ya Udzungwa. Ni milima ya kale mno, na misitu yake imedumu kwa muda wa mamilioni ya miaka. Tambarare zilizo kati ya mlima na mlima ni kavu, na kiumbe aliyezoea kivuli na umande hawezi kuzivuka. Basi kila mlima umekuwa kama kisiwa, na wakazi wake wamekuwa kama watu wa kisiwani, wenye desturi zao wenyewe. Mnyama akipotea hapo, hakuna mahali pa kumfuata.

Wenyeji wa nchi hii ni Wasambaa wa milimani na Wabondei wa chini. Wao waliujua msitu kabla ya mgeni ye yote kuuandika. Walichukua humo dawa, asali, kamba, na miti ya kujengea, na maji ya mito yake ndiyo waliyokunywa.

Katika wageni wa kwanza kutoka Ulaya yuko mmoja ambaye jina lake limekaa katika ua. Huyo ni Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kidachi, yaani Kijeremani, katika Usambara. Mwaka 1892 aliona mmea mdogo, wenye majani ya manyoya laini na maua ya rangi ya zambarau, ambao hupenda kumea juu ya mawe yenye kivuli. Akaupeleka kwa baba yake huko Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland aliupa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo huo. Leo ua hilo hukaa katika vyungu madirishani mwa nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, na wenye bustani wa huko wamelizalisha kwa mamilioni. Lakini watu wa milimani, ambao kwao ndiko lilikotoka, hawakuwa na fungu katika biashara hiyo. Kwa mgeni huyu twaweza kusema kwamba alikula, akashukuru, akachukua na chungu.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1890 wakaja wenye mashamba ya kahawa. Walitazama miti mirefu wakadhani udongo wake una rutuba isiyokwisha. Wakafyeka sehemu za msitu huko Derema na mahali pengine, na watu wa kazi wakaletwa hata kutoka Unyamwezi. Kumbe rutuba ya msitu ule haikukaa chini sana. Ilikuwa katika majani yanayoanguka na kuoza, ambayo mizizi huyanyonya upesi na kuyarudisha juu mtini. Miti ilipokatwa, mvua iliukosha udongo, na baada ya miaka si mingi mibuni ikadhoofika. Fedha nyingi ikapotea. Hili ndilo fundisho la kwanza la Amani, nalo lilinunuliwa kwa bei kubwa: utajiri wa msitu wa mvua uko katika miti yake yenyewe, na mwenye kuikata ili aupate utajiri ule huuangusha pamoja na miti.

Hata mwaka 1902 Wadachi wakaweka hapo chuo cha kuchunguza mimea na kilimo, na jina la mahali likawa Amani. Neno hili ninyi nyote mwalijua. Walijenga majumba, maabara, na maktaba, na wakapanda bustani kubwa ya miti iliyoletwa kutoka pande zote za dunia: mikwinini, mipira, mikarafuu, miti ya mbao, na mingine mingi. Reli ndogo ilijengwa kutoka Tengeni, penye reli ya Usambara, mpaka Sigi chini ya milima. Nyumba ya mkuu wa stesheni ya Sigi bado ipo, na katika siku zetu ilitengenezwa upya ili wageni wapokewe hapo na kuelezwa habari za msitu.

Chuo kile kilisifiwa sana na wataalamu. Lakini tukisema kweli, faida iliyokusudiwa kwanza ilikuwa ya wenye mashamba makubwa na ya serikali yao. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, meli za Kidachi hazikuweza tena kuleta vitu. Ndipo Amani ikageuzwa kuwa kama karakana: watu walitengeneza humo sabuni, mishumaa, vitu vya mpira, na dawa ya kwinini kwa ajili ya askari. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yakaishika nchi ile, na kwa miaka kadhaa chuo kikalala.

Katika miaka ya 1920 kiliamshwa tena, safari hii kwa ajili ya nchi zote za Afrika ya Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza. Na hapa, wasikilizaji wetu, twapata jambo ambalo kila mwenye shamba la muhogo yafaa alijue. Muhogo una ugonjwa uitwao batobato. Majani hukunjamana na kuwa na madoa ya njano, na mizizi hubaki midogo. Wataalamu Storey na Nichols wa Amani waliushughulikia ugonjwa huu tangu miaka ya 1930. Waliona kwamba huenezwa na inzi weupe wadogo, na wakatafuta muhogo usioshindwa nao. Wakachukua jamaa ya muhogo, mti wa mpira wa Ceara, wakauchanganya na muhogo wenyewe. Mti huo Wadachi walikuwa wameupanda kwa wingi katika mashamba yao, mpaka bei ya mpira ilipoanguka mwaka 1913. Mtoto wa kwanza wa mchanganyiko ule alikuwa na nguvu ya kukinza ugonjwa, lakini mizizi yake haikufaa chakula. Basi wakamchanganya tena na muhogo, na watoto wake tena na muhogo, mwaka hata mwaka, kwa uvumilivu. Kazi ile iliendelea mpaka miaka ya 1950, na mbegu za ukoo huo zilifika hata Nigeria, zikatumiwa katika kuzalisha mihogo mingi ya siku za baadaye. Mti ulioletwa ili kumtajirisha mgeni na ukamtupa, ndio uliokuja kumlisha mwenyeji. Kwa kazi hii twakiri bila shaka kwamba mwenyeji alipona.

Katika siku hizo hizo alikaa Amani Mwingereza mmoja, Reginald Moreau, aliyefika mwaka 1928. Aliajiriwa kwa kazi ya ofisi, lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege. Ndege mdogo mwenye mdomo mrefu, apendaye mitambaazi ya msituni, aliitwa kwa jina lake mwaka 1931, naye ni katika ndege adimu sana duniani, maana hupatikana Usambara Mashariki na mahali pamoja kaskazini ya Msumbiji. Walakini Moreau hakuijua misitu hii peke yake. Alikuwa pamoja na Salimu Asmani, ambaye alikuwa hodari wa kuwafuata ndege na kuyapata matundu yao, na elimu nyingi iliyochapwa baadaye ilipita kwanza machoni pake. Mwanafunzi akisoma katika kitabu kwamba ndege fulani "aligunduliwa", na aulize ni nani aliyemwonyesha njia mgunduzi.

Mwaka 1948 kazi ya kilimo ilihamishwa kwenda Muguga, karibu na Nairobi, na majumba ya Amani yakawa ya wataalamu wa malaria. Kisha Tanganyika ikapata uhuru mwaka 1961. Lakini hatari kubwa ya msitu ilikuwa bado mbele.

Taifa jipya lilihitaji mbao na fedha. Katika miaka ya 1970 na 1980 ukataji wa miti kwa mashine uliongezeka katika Usambara Mashariki. Njia za magari zilichimbwa ndani ya msitu, na miti iliyokaa miaka mamia ikashuka mlimani kwa siku moja. Wakati huo huo watu walipanda iliki chini ya miti. Iliki hupenda kivuli, kwa hiyo mtu wa mbali akitazama aweza kudhani msitu ni mzima. Walakini miche yote ya chini imekwisha kufyekwa, na miti mizee ikifa haina warithi. Baada ya miaka kadhaa udongo huchoka, na mkulima husogea mbele.

Tena palikuwa na adui mwingine, aliyeingia kwa mlango wa bustani. Mti uitwao Maesopsis, ambao Waganda huuita musizi, uliletwa Amani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kwa kuwa hukua upesi. Hondohondo wakaupenda, wakala matunda yake na kuzitawanya mbegu. Kila mahali palipokatwa miti ya asili, musizi ulitangulia kuota. Hivyo bustani iliyopandwa kwa nia njema ikawa shida kwa msitu uliokuwapo kabla yake.

Wataalamu walipaza sauti, na wenyeji nao waliona kwamba mvua na mito si kama zamani. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 ukataji ule wa mashine ukakomeshwa. Mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, yenye eneo la hekta 8,380, na mwaka 2000 shirika la UNESCO likaiingiza Usambara Mashariki katika orodha ya hifadhi za viumbe hai za dunia. Tena jambo hili si la ndege na vyura peke yao. Maji ya mto Zigi, yatokayo katika misitu hii, ndiyo yanywewayo na watu wa mji wa Tanga. Mama afunguaye bomba mjini anakunywa kivuli cha Amani, ijapokuwa hajakiona.

Lakini yafaa tuseme na upande wa pili, maana historia inayosimulia sifa tu haifundishi. Kati ya sehemu za msitu palikuwa na ukanda wa Derema, ambao wakulima zaidi ya 1,000 walikuwa na iliki, migomba, na mazao mengine humo. Mapema katika karne hii ya 21 iliamuliwa kwamba ukanda huo uhifadhiwe, ili wanyama wapate njia ya kupita kutoka sehemu moja hata nyingine. Mipaka ikapimwa, na mimea ya watu ikahesabiwa ili walipwe fidia. Malipo hayo yalikawia, na wengi wakalalamika kwamba waliyoyapata hayakulingana na waliyoyaacha. Mkulima wa iliki hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wa kusomesha, na iliki ndiyo iliyolipa ada ya shule. Mtu akiambiwa aache shamba lake kwa faida ya dunia nzima, ni haki dunia nzima imtazame usoni na kumlipa kwa wakati.

Sasa twaja kwa mgeni wa siku hizi, yaani mtalii. Huyu hatafuti kahawa wala mbao. Hutoka mbali, akapanda milima kwa gari, akaamka alfajiri ili aone ndege mmoja mwenye uzito mdogo kuliko barua. Wapo wanaomcheka. Lakini fikirini: katika wageni wote tuliowataja, huyu ndiye wa kwanza ambaye lazima msitu uwe mzima ndipo apate alichokuja kukitafuta. Mpasua mbao hufaidika mti uangukapo. Mtalii hufaidika mti usimamapo. Naye hulipa ada ya kuingia, hulipa kiongozi, hulala, hula, na hununua. Sehemu ya ada ilipangiwa vijiji vilivyo jirani, na vijana wa vijijini walifundishwa kazi ya kuongoza wageni, ambayo huhitaji elimu ile ile aliyokuwa nayo Salimu Asmani.

Hata vipepeo walipewa kazi. Mwanzoni mwa karne hii wanavijiji, wengi wao wanawake, walifundishwa kuwafuga. Hukamata kipepeo jike, humweka katika banda la wavu ili atage, hulisha viwavi majani ya miti ya msituni, kisha huwakusanya wakiwa wamelala ndani ya maganda yao. Maganda hayo yalisafirishwa kwa ndege kwenda nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani, na fedha ikarudi Amani. Mwaka 2016 serikali ilipozuia kupeleka wanyama hai nje ya nchi, biashara hiyo nayo ikapigwa. Twajifunza hapa kwamba riziki inayotegemea mlango mmoja tu yaweza kufungiwa kwa siku moja. Mwenye kufuga vipepeo asiuache muhogo wake.

Wanafunzi na walimu, msidhani kwamba Amani ni ya wageni wa mbali peke yao. Anayetaka kwenda na achague miezi isiyo ya masika, maana njia ya mlimani huteleza. Na avae viatu vya kufunika mguu, achukue nguo ya baridi, na amtafute kiongozi wa hapo, kwa kuwa macho ya mgeni hayaoni kinyonga hata akiwa mbele ya pua yake. Na anyamaze atembeapo. Ua asilichume wala mche asiung'oe. Akifika penye bustani ya zamani, na aitazame miti iliyoletwa kwa merikebu, akumbuke ni ipi iliyotulisha na ni ipi iliyotudhuru.

Basi turudi kwa methali yetu. Tumeona wageni waliokuja, na mwenyeji hakupona. Tumeona pia wageni waliokuja, na mwenyeji akapona. Tofauti yao si rangi wala nchi watokayo, wala si maneno matamu waliyoyasema. Tofauti ni hii: mwenyeji alikuwapo mezani wakati wa kugawa, au alikuwa jikoni akipuliza moto tu? Msitu wa Amani umeokoka mpaka leo, na wageni wake wataendelea kuja. Ni juu ya vijiji vyake kuijua mipaka, kuzisoma hesabu za ada, kuwapeleka watoto wao wakajifunze majina ya miti na ndege, na kuhudhuria kila baraza panapozungumzwa habari za msitu. Kwa kuwa wazee wetu hawakusema methali moja tu. Walisema pia, "Asiyekuwapo na lake halipo."